Nilifunga Siku Tatu Nikiwa na Tembe kwenye Soksi

Bwana asifiwe! Asifiwe na walioketi mbele, na asifiwe pia na nyinyi wa viti vya nyuma mnaojifanya mnasoma Biblia kwenye simu. Nawajua vizuri. Nilikuwa mwenyekiti wenu.

Ndugu zangu, kabla hamjaniitikia amina, nianze na ujinga wangu. Ule ushuhuda niliowapa mwezi wa tatu, Jumapili ya vijana, ulikuwa uongo. Wote. Kuanzia "wapendwa" mpaka "amina". Ndiyo maana safari hii Pasta ameniambia niandike kwanza, asome yeye peke yake ofisini, halafu ndipo nipewe maiki. Simlaumu. Hata mimi nisingejipa maiki.

Mnakumbuka siku ile. Nilikuwa mstari wa tatu natetemeka, machozi yanatoka, kamasi inatoka, jasho linatoka, vinyweleo vimesimama mkono mzima. Akina mama wakanizunguka. Mmoja, simtaji, akapaza sauti, "Mwachieni nafasi, Roho anamshughulikia!" Ndugu zangu, hakuwa Roho. Nilikuwa nimepitisha siku nzima bila tembe, kwa sababu kijana aliyekuwa ananiuzia shuleni alikuwa amepelekwa Wisconsin kwa nyanya yake. Mwili ulikuwa unalia njaa yake. Lakini nilipoona watu wazima wananililia, na Mama amepiga magoti kwenye kapeti ya Walutheri wanaotupangisha jengo hili, nikapiga hesabu haraka: nikisema ukweli nimekwisha, nikisema ni Roho nimepona. Nikaomba maiki. Nikasema nimesikia sauti ikiniita kwa jina mara tatu. Mara tatu! Kwa nini tatu? Nilitaka inoge tu.

Mkapiga vigelegele. Mama akapika chapati za kanisa zima. Wiki iliyofuata mkanichagua kiongozi wa maombi ya vijana. Mtu anatafuta pa kujificha, mnampa cheo!

Kwa wageni walio nasi leo, mimi ni Denis, wa Mama Denis, wa Burnsville. Nina miaka kumi na saba na bado niko shule. Nilikuja huku Marekani nikiwa darasa la tatu, na Mama aliweka sheria siku ya kwanza: Kiingereza kinabaki mlangoni pamoja na viatu. Ndiyo maana ninawaandikia hivi badala ya kuwajibu "yeah" kama watoto wenu. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza vitandani, kisha anarudi nyumbani kunigeuza mimi kwa maneno.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilivunjika mtulinga, huu mfupa wa begani, uwanjani, nikirukia mpira ambao kipa alikuwa ameshaudaka. Niliruka kwa sababu wasichana walikuwa wanatazama. Nikafanyiwa upasuaji, nikapewa tembe za maumivu za siku chache. Mama alizifungia kabatini na kunipa moja moja kwa saa yake. Hakukosea kitu. Tembe zikaisha, na mfupa ukaacha kuuma. Lakini kuna kitu nilikuwa nimekionja. Nyinyi mnanijua, kichwa changu kina kelele tangu naamka, mzaha juu ya mzaha, hata kwenye mtihani, hata kwenye matanga. Zile tembe zilileta kimya. Nilikikosa kile kimya.

Kijana wa darasa letu akasema anazo. Za bluu, zimechapwa vizuri kabisa, nikadhani ni zilezile za hospitali. Kumbe ndani ni fentanili, dawa kali mno, imechanganywa na mtu asiyenijua, anayepima kwa macho. Nilikuwa nacheza bahati nasibu kila ninapomeza, na sikujua kama nimeingia kwenye mchezo. Kufika Krismasi kile kimya chenyewe kilikuwa kimekwisha. Nilikuwa nameza ili nisiugue tu. Kule Mombasa ule ugonjwa wa kuikosa dawa wanauita arosto. Mifupa inauma, tumbo linakoroga, unapiga miayo kama fisi, na ngozi inakuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Ndugu zangu, nilikuwa nawachekesha vijana kwenye kikundi cha simu huku nimekaa chooni, natetemeka.

Sasa sikieni akili ya mtoto wa shule.

Mwezi wa sita kanisa likatangaza mfungo wa siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, kuombea familia na makaratasi ya ukaazi ya watu. Mimi, kama kiongozi, nilitakiwa kuongoza zamu ya vijana ya alfajiri. Nikaona mlango! Kwenye mfungo, nani atakuuliza kwa nini huli? Ukitetemeka, wanasema amina. Ukitapika, wanasema yanatoka. Ukilia, wanakuletea kitambaa. Hakuna mahali duniani pazuri pa kuficha arosto kama katikati ya Wakenya waliofunga. Nikapanga kuacha kimyakimya ndani ya zile siku tatu, bila mtu kujua. Ule uongo wa mwezi wa tatu ungegeuka kuwa kweli kwa mlango wa nyuma, na mimi na Mungu tungebaki tunajua wenyewe.

Lakini kwa usalama, nikaweka tembe mbili kwenye soksi.

Alhamisi nilishinda. Ijumaa jioni tembe ya kwanza ikatoka kwenye soksi. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikaingia chooni, pale chini karibu na jikoni, nikameza ya pili, ili niweze kusimama mbele ya wenzangu. Nikanawa uso, nikapanda juu, nikaongoza maombi. Na mnajua niliombea nini? Nilikemea dawa za kulevya zitoke kwa vijana wa kanisa hili! Kwa sauti! Na sauti ilikuwa nzuri!

Ilipofika saa nne mwili ukasema sasa basi. Siku ya tatu bila chakula, maji kidogo, na uchafu ule wa bluu juu ya tumbo tupu. Nikatapika kwenye kapeti, nikaanguka. Wengine mkasema nisiguswe, vita viko ukingoni. Mwingine akaja na chupa ya mafuta. Mama akapenya katikati yenu, akanishika mkono, akahesabu mapigo kama anavyowafanyia wazee wake, akasimama. "Nyinyi endeleeni kuomba," akasema. "Mimi namtoa. Mungu anajua njia ya hospitali."

Akanipeleka emajensi hapahapa Saint Paul. Njia nzima alinisema kwamba sikunywa maji. Nilimwambia ni kweli, sikunywa maji.

Nikalazwa kwenye kitanda cha pazia, nikafumbua jicho moja nimwone nesi anayekuja. Ndugu zangu! Alikuwa Anti Wakesho! Yule Anti Wakesho wa kwaya, aliyelia kuliko wote siku ya ushuhuda wangu mpaka miwani ikaanguka. Nilitaka kushuka kitandani nitembee mpaka Burnsville kwa miguu. Yeye akafunga pazia, akaniinamia.

"Hapa kazini simjui mtu wa kanisani," akasema polepole. "Wewe ni mgonjwa, mimi ni nesi. Likitoka neno hapa, halikutoka kwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Anti."

"Nesi."

"Nesi."

Amenipa ruhusa mwenyewe kumtaja leo. Alisema nimtaje, ila nisimwite malaika, kwa sababu malaika hawalipwi.

Daktari alikuwa msichana mdogo wa raba za kijani, nusura nimwulize yuko darasa la ngapi. Akamwomba Mama atoke kidogo, ndio utaratibu wao kwa watu wa umri wangu. Mama akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa." Daktari akasema anaamini, na akamfungulia pazia. Mama akatoka akiangalia nyuma.

Daktari akanimulika machoni, akaniuliza bila kuzunguka ninatumia nini. Nikamwambia maji ya baraka. Hakucheka. Akasema, "Sikuulizi ili nimwite polisi. Nakuuliza kwa sababu dawa ninayo."

Ndugu zangu, nisimame hapo. Miezi yote ile hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dawa ipo! Mimi nilijua njia mbili tu. Ya kwanza ni kukazana peke yako mpaka ushinde. Ya pili ni kufungiwa mahali mbali, Mama auze gari, na nyinyi mjue. Sikujua kwamba mtu anaweza kuingia emajensi kama aliyevunjika mguu, na akaanza kutibiwa palepale, siku ileile, na daktari wa zamu. Nikasema ndiyo, ni tembe.

Akauliza, "Mara ya mwisho lini?"

Na hapo nikadanganya tena. Nikasema Jumatano. Kwa nini? Kwa sababu Jumatano ilikuwa kabla ya mfungo. Ikiwa ni Jumatano, basi mfungo wangu ulikuwa wa kweli, maombi yangu yalikuwa ya kweli, na mimi ni mtu aliyeanguka zamani, si mtu aliyeanguka asubuhi hiyo akiwa na Biblia kwapani. Akaandika Jumatano. Akaniuliza kama nitamwambia Mama mwenyewe, nikasema nitamwambia.

Mama akarudi, nikamwambia. "Mama, nilikuwa natumia tembe. Lakini niliacha Jumatano. Mfungo umenisaidia." Akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamtoka, lakini kati ya machozi alikuwa anasema, asante Yesu, asante Yesu kwa huu mfungo. Nikamwona anapumua. Nikasema moyoni, Denis, wewe ni fundi. Akasema ananiletea juisi.

Anti Wakesho akaingia na ile dawa. Ni kipande chembamba kama karatasi, ndani ya pakiti ndogo. Jina lake ni buprenofini, refu kama la mbunge. Mama naye akaingia nyuma yake na juisi ya machungwa, mrija tayari umechomekwa.

"Mama akae au atoke?" Anti akaniuliza.

"Akae," nikasema. Nilikuwa na Jumatano yangu, sikuwa na wasiwasi.

Anti hakufungua ile pakiti. "Sikiliza vizuri," akasema. "Dawa hii inakalia kiti kilekile ambacho tembe zako zinakikalia mwilini. Ikikuta kiti kitupu inakaa, arosto inaisha, unapata nafuu. Ikikuta tembe bado zimekikalia, inazitupa nje kwa mara moja, na utaugua leo kuliko ulivyowahi kuugua. Nimekuangalia macho na nimeangalia kilichoandikwa. Havipatani. Na hapa si madhabahuni. Mara ya mwisho lini?"

Nilitafuta mzaha. Ndugu zangu, nilipekua kila pembe ya kichwa hiki, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hapakuwa na mzaha hata mmoja. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika ile juisi kwa mikono miwili, uso bado una shukrani ya ule mfungo. Nikajua nikisema, ninamnyang'anya. Na nisiposema, ile pakiti inafunguliwa.

"Leo," nikasema. "Saa kumi na mbili asubuhi. Chooni. Kanisani."

Anti akairudisha pakiti mfukoni. Akasema "asante", neno moja tu, akatoka kumwambia daktari.

Mama akaweka juisi mezani. Akachukua mkoba wake. Akatoka bila neno. Mama yangu, anayeweza kunisema kutoka Burnsville mpaka Saint Paul bila kuvuta pumzi, akatoka bila neno! Nikasikia viatu vyake vinaenda, vinaenda, mlango ukafunguka, mlango ukafungwa. Nikajua amekwenda. Nikasema hata mimi ningekwenda. Nililia, na safari hii hakuna aliyeniletea kitambaa, nikatumia shuka la hospitali.

Baadaye aliniambia alizunguka maegesho yote ya magari mara nne akitafuta gari lake, na gari lilikuwa palepale mlangoni. Alirudi, akavuta kiti, akakaa mkoba mapajani.

"Ile Jumapili ya mwezi wa tatu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nimepiga magoti pembeni yako nashukuru."

"Ndiyo, Mama."

"Sauti ulisikia?"

"Hapana."

"Ati mara tatu, Denis!"

"Nilitaka inoge."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na mimi nikaingia, tukawa watu wawili wa Burnsville tunalia nyuma ya pazia, na mzee wa kitanda cha pili akauliza kama tunahitaji kasisi.

Tukaambiwa tusubiri. Dawa haitolewi mpaka arosto ifike kweli. Ndugu zangu, umewahi kukaa na mama yako unasubiri kuugua? Kila baada ya muda Anti alikuja, anahesabu mapigo, anaangalia mboni za macho, anaangalia jasho, anahesabu miayo, anajumlisha alama. Mtihani wa kwanza maishani mwangu ambao niliambiwa alama zangu bado ni chache, na niliona uchungu! Mchana ukapita. Saa kumi arosto ikaja yenyewe, na haikuja na utani. Mama alinifuta uso, alinishika miguu ilipokuwa inapiga teke, alinigeuza kitandani kwa ule ufundi wake wa kazini. Hakunisema hata kidogo. Hilo liliniogopesha kuliko arosto.

Saa moja jioni, jua la Juni bado liko dirishani, Anti akafungua ile pakiti. "Chini ya ulimi. Usimeze. Usiongee mpaka iyeyuke yote."

Nisiongee! Mimi! Mama akaelewa nafasi aliyopewa, akasogeza kiti. Kwa muda wote ule karatasi inayeyuka aliniambia kila kitu alichokuwa amekiweka tangu niko tumboni, na mimi nilikuwa natikisa kichwa tu kama mjusi.

Halafu, ndugu zangu, ikaanza kuachia. Kwanza vinyweleo vikalala. Miayo ikakatika. Tumbo likafunguka kama ngumi inayofunguliwa. Miguu ikatulia. Nilingoja kulewa, sikulewa. Nilikuwa mimi tu, Denis, bila maumivu, ninasikia njaa. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kukaa tu! Nikafungulia mfungo wangu kwa sandwichi baridi ya bata mzinga, na sijawahi kula kitu kitamu kama hicho.

Mama akamvuta Anti pembeni, lakini sauti ya Mama haina pembeni. "Sasa si tumemtoa kwenye dawa tukamtia kwenye dawa?"

"Mama Denis, ya presha umemeza leo?"

"Nimemeza. Hata kwenye mfungo namezaga."

"Na imani yako iko wapi?"

Mama akaomba aonyeshwe namna ya kuniwekea ile karatasi. Wakatupa dawa ya kututosha mpaka Jumatatu, wakatupangia kliniki ya Jumatatu hiyohiyo, na wakampa Mama dawa ya kupuliza puani. Anti akamweleza: zile tembe za bluu zinazima pumzi. Mtu analala tu, na mwili unasahau kupumua. Ukimkuta hivyo, puliza, piga simu ya dharura, kaa naye. Mama akarudia maneno yote mara mbili, kidole kikiwa tayari kwenye ile chupa.

Sasa ni mwezi wa tisa, shule imefunguliwa. Naenda kliniki, naweka karatasi yangu chini ya ulimi kila asubuhi. Sitawadanganya tena kwa kusema nimepona kama taa inavyowashwa. Mwezi wa saba nilimpigia yule kijana simu, ikaita, nikakata, nikaenda kumwamsha Mama nikamwambia. Lakini hiyo ni simu moja. Zamani zilikuwa tano kwa siku. Uongozi wa maombi nimeurudisha, na aliyeuchukua anajua kuomba kuliko mimi.

Namshukuru Mungu, aliyenisubiri mahali ambapo sikumtafuta. Namshukuru daktari wa raba za kijani. Namshukuru Anti Wakesho, aliyeuliza mara ya pili. Nawashukuru nyinyi, mliolia kwa moyo mweupe siku ile. Machozi yenu yalikuwa ya kweli hata kama yangu hayakuwa. Na wewe unayetetemeka leo katikati yetu huku tunakushangilia, wewe au mtoto wako, dawa ipo. Mwamini Mungu, ingia emajensi yoyote, mchana au usiku, na ukiulizwa mara ya mwisho lini, sema ukweli wa saa na dakika. Ukiogopa, nitafute tukimaliza. Nitakwenda na wewe. Nitanyamaza njia nzima. Sawa, nitajaribu.

Pasta ameniomba nimalizie na neno la Biblia, lakini mimi nina neno la Mama. Mnajua huwa ninakaa kiti cha nyuma ndani ya gari, masikioni vipokea sauti, miguu juu. Jioni ile tulipotoka hospitali nikafungua mlango wa nyuma kama kawaida. Mama alikuwa ameshaketi kwenye usukani. Hakugeuka. Alisema hivi, sijaongeza wala sijapunguza:

"Denis, toka huko nyuma. Njoo ukae hapa mbele, nikuone ukipumua. Na ufunge mkanda."